Hisa za kompyuta za kwanta: usome nini kabla ya kutoa hela yako

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Texas na naendesha malori ya masafa marefu. Kwenye kundi letu la WhatsApp siku hizi habari ni moja tu: hisa za kampuni zinazounda kompyuta za kwanta, zile kompyuta za aina mpya zinazotumia tabia za chembe ndogo sana kupiga hesabu ngumu. Mmoja wetu alinunua Rigetti ikiwa chini ya dola moja, na ametuonyesha akaunti yake kwa macho. Nina dola 8,000 nilizokuwa nimeziweka za kupaua nyumba yangu Kibaha. Kati ya IonQ, Rigetti na D-Wave niingie ipi? Na mtu kama mimi, ambaye si mwanasayansi, anaichunguzaje kampuni ya namna hii? Halafu kuna mwenzetu anakusanya michango anunue kwa pamoja kupitia akaunti yake, anasema tukinunua kwa wingi tutapata bei nzuri. Nijiunge?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Yote uliyouliza nitayajibu, ila naanza na ambalo hukuuliza. Hela ya kupaua ipaue nyumba. Nyumba isiyo na bati ikipigwa na mvua misimu miwili, kuta zinaanza kukudai upya. Fedha yenye kazi na tarehe haifai kuingia kwenye hisa za aina hii hata kampuni iwe nzuri vipi, maana siku unayoihitaji ndiyo inaweza kuwa siku bei imelala chini. Ninayoyaandika hapa yanahusu fedha nyingine kabisa, ile ambayo ikikwama miaka mitano au ikipotea yote, nyumbani kwako watu watakula na ada za shule zitalipwa.

Sasa tuje kwa mwenzenu wa Rigetti. Anasema kweli. Septemba 2024 hisa ya Rigetti ilikuwa chini ya dola moja, na mwanzoni mwa Januari 2025 ilikaribia dola 20. Lakini fungua vitabu vya kampuni hiyohiyo. Mapato yake yalikuwa dola milioni 13.1 mwaka 2022, milioni 12.0 mwaka 2023, na milioni 10.8 mwaka 2024. Bei ilipanda zaidi ya mara 20 katika kipindi ambacho mauzo yalikuwa yanateremka. Kilichowasha moto ni kwamba Desemba 2024 Google ilitangaza chipu yake ya kwanta iitwayo Willow, na watu wakakimbilia kila kampuni ndogo ya fani hiyo iliyokuwa sokoni. Willow ni ya Google, si ya Rigetti. Ukizidisha bei ya dola 19 kwa hisa zaidi ya milioni 280, utaona soko lilikuwa linaithamini Rigetti zaidi ya dola bilioni 5, karibu mara 500 ya mapato yake ya mwaka mzima.

Siku chache baadaye, tarehe 7 Januari 2025, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya chipu ya Nvidia, aliwaambia wachambuzi kwamba kompyuta za kwanta zenye manufaa ya kweli huenda zikachukua miaka 15 hadi 30. Kesho yake IonQ ilishuka karibu asilimia 39, Rigetti asilimia 45, D-Wave asilimia 36, zote kwa siku moja. Hakuna mashine iliyoharibika usiku ule wala mteja aliyevunja mkataba. Machi mwaka huohuo Huang alisimama jukwaani na viongozi wa kampuni hizo akasema alikosea. Hisa inayoweza kupoteza theluthi moja au zaidi kwa sababu ya sentensi moja ya mtu wa kampuni nyingine inakuambia kitu: bei yake imesimama juu ya matumaini, na chini yake mapato ni machache mno kuishikilia. Kwa hiyo faida ya mwenzenu ni halali yake, lakini si ushahidi wa lolote kuhusu kampuni utakayoinunua wewe leo kwa bei ya leo.

Wengi wakitaka kuwekeza kwenye teknolojia changa huuliza: je, kitu hiki kitafanya kazi? Mimi naamini kompyuta za kwanta zitafanya kazi. Ila mwenye hisa ana swali jingine, gumu zaidi: siku zitakapofanya kazi, kampuni hii itakuwa bado hai, na kipande changu ndani yake kitakuwa kimebaki kiasi gani? Teknolojia inaweza kushinda huku wenye hisa wa kwanza wakiondoka mikono mitupu. Global Crossing ilitandika mikongo ya mawasiliano chini ya bahari za Atlantiki na Pasifiki mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa muda soko liliithamini makumi ya mabilioni ya dola. Januari 2002 ikafilisika na wenye hisa za kawaida hawakupata kitu. Mikongo haikung'olewa, iliendelea kubeba mawasiliano ya dunia. Walioamini intaneti itatawala walikuwa sahihi kabisa, na hela yao ilikwisha.

Swali hilo la uhai na kipande chako halihitaji shahada ya fizikia. Majibu yake yameandikwa, yako wazi, na ni bure. Kila kampuni iliyo kwenye masoko ya hisa ya Marekani inalazimika kisheria kupeleka ripoti kwa SEC, tume inayosimamia masoko hayo, na ripoti zote zinawekwa kwenye hifadhi yake ya mtandaoni iitwayo EDGAR. Ingia sec.gov, andika jina la kampuni, na utaziona zimepangwa kwa tarehe. Hapo ndipo uanzie. Usianzie YouTube, wala kwenye tovuti ya kampuni, wala kwenye kundi. Kwenye taarifa za magazetini kampuni inachagua la kusema. Kwenye fomu 10-K, ambayo ni ripoti ya mwaka, inalazimika kusema hata lisilopendeza, na viongozi wake wanatia saini wakijua wanaweza kushtakiwa.

Tuchukue 10-K ya Rigetti ya mwaka 2024, usome kama ninavyosoma mimi. Ukurasa wa jalada, ambao kila mtu anauruka, una idadi ya hisa zilizo mikononi mwa watu. Iandike. Kisha fungua ya mwaka uliotangulia uiandike nayo. Mwishoni mwa 2023 Rigetti ilikuwa na hisa zinazokaribia milioni 150, na mapema 2025 zilikuwa zaidi ya milioni 280. Maana yake aliyekuwa na kipande fulani cha kampuni mwanzoni, na asiongeze kitu, mwishoni alibaki na karibu nusu ya kipande kile. Ni kama shamba la urithi ambalo kila mwaka anajitokeza mrithi mpya mwenye hati halali. Tofauti ni kwamba huyu mrithi analeta hela, na hela hiyo ndiyo inayoifanya kampuni iendelee kuishi. Kwa hiyo kuuza hisa mpya si dhambi. Kampuni isiyo na faida itapata wapi mishahara ya wahandisi? Cha kuangalia ni bei waliyouzia na walichofanya na fedha. Kampuni inayouza hisa wakati soko limelewa inawasaidia wenye hisa waliotangulia, maana inatoa kipande kidogo kwa hela nyingi. Inayouza ikiwa hoi inawachinja.

Hizi tatu zote zimeuza, na kwa wingi. Mfumo wanaoupenda ni wa kuuza hisa mpya kidogokidogo sokoni kwa bei ya siku, bila mnada wala tangazo kubwa. D-Wave ilichota dola milioni 150 kwa njia hiyo Januari 2025, kisha milioni 400 katikati ya mwaka. IonQ Julai 2025 iliuza hisa za dola bilioni moja kwa mwekezaji mmoja mkubwa. Kwenye EDGAR ukikuta fomu yenye jina 424B5, simama uisome: mara nyingi ndiyo inayokuambia hisa mpya zinaingia. Kuna na njia ambayo haionekani haraka. IonQ ilipotangaza Juni 2025 kuinunua Oxford Ionics ya Uingereza kwa zaidi ya dola bilioni moja, karibu malipo yote yalikuwa hisa zake mpya, na fedha taslimu ilikuwa kama dola milioni 10 tu. Huenda ni biashara nzuri sana. Lakini mlipaji ni mwenye hisa, kwa hiyo lazima aulize alichopata.

Turudi kwenye ripoti. Nenda kwenye hasara, na hapa uwe mwangalifu maana wengi hujikwaa. Rigetti ilionyesha hasara ya dola milioni 201 mwaka 2024. Inatisha. Ila hasara ya uendeshaji, yaani mishahara, maabara, umeme na mengineyo ukitoa mapato, ilikuwa milioni 68.5. Sehemu kubwa ya milioni zilizobaki haikutoka mfukoni kwa mtu. Kampuni hizi tatu ziliingia sokoni kwa kuungana na kampuni tupu, zile zinazoandikishwa kwenye soko la hisa zikiwa na fedha tu bila biashara: IonQ Oktoba 2021, Rigetti Machi 2022, D-Wave Agosti 2022. Njia hiyo huacha nyuma hati zinazowapa watu haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa zamani. Bei ya hisa ikipanda, hati hizo zinakuwa deni kubwa zaidi kwenye vitabu, na deni hilo linaandikwa kama hasara. Bei ikishuka, linageuka faida. Ndiyo maana robo ya kwanza ya mwaka 2025, yaani miezi mitatu ya mwanzo, hisa iliposhuka, Rigetti ilitangaza faida ya dola milioni 42.6 wakati mapato ya robo hiyo yalikuwa milioni 1.5. Mtu wa kundini atakuletea kichwa cha habari kwamba Rigetti imeanza kupata faida. Wewe panda mistari michache juu kwenye jedwali utafute hasara ya uendeshaji: robo hiyo ilikuwa zaidi ya dola milioni 21.

Namba hiyo ya uendeshaji ndiyo inayokupa umri wa kampuni. Mwisho wa 2024 Rigetti ilikuwa na fedha na dhamana za muda mfupi zipatazo dola milioni 217. Gawanya kwa 68.5, unapata kama miaka mitatu. Weka matokeo hayo pembeni ya ahadi za kampuni yenyewe. Kama inasema mashine yenye manufaa itachukua miaka mitano au zaidi, na fedha ni za mitatu, basi unajua tayari kwamba hisa mpya zitauzwa kabla ya kufika. Fanya hesabu hiyo kila ripoti mpya inapotoka, maana namba ninazokupa hapa ni za kukufundishia kusoma na zinabadilika haraka. Mwaka 2023, hisa ya Rigetti ilipokuwa imeanguka, ilipunguza zaidi ya robo ya wafanyakazi wake na kusogeza mbele tarehe za mashine ilizoahidi. Hali ya fedha ndiyo iliyoamua kasi ya sayansi.

Upande wa mapato, usitosheke na jumla. Robo ya kwanza ya 2025 D-Wave ilitangaza mapato ya dola milioni 15.0, kiasi kilichozidi mwaka mzima wa 2024 uliokuwa na milioni 8.8. Watu walishangilia. Robo iliyofuata ikawa milioni 3.1. Sehemu kubwa ya ile ya kwanza ilikuwa mashine moja iliyouzwa, na kituo cha utafiti cha Jülich nchini Ujerumani ndicho kilichonunua. Kuuza mashine nzima ni hatua kubwa na naiheshimu, ila mashine moja si mkondo wa biashara. Tafuta kwenye maelezo ya chini ya hesabu sehemu inayotaja wateja wanaozidi asilimia 10 ya mapato. Kampuni inalazimika kuitoa, wakati mwingine kwa kuwaita Mteja A na Mteja B. Ukiona wateja wawili watatu wanabeba sehemu kubwa, na ni maabara za serikali, jeshi la anga au vyuo vikuu, fahamu kwamba ni wateja wanaonunua kwa ajili ya utafiti. Wanalipa kweli, lakini bajeti zao hukatwa bungeni. Ninayemtafuta mimi ni kiwanda, benki au kampuni ya dawa iliyolipa mwaka jana, ikarudi mwaka huu na kulipa zaidi. IonQ ndiyo iliyokua kwa mfululizo: dola milioni 2.1 mwaka 2021, kisha 11.1, 22.0 na 43.1 mwaka 2024. Ni ukuaji wa kweli. Ila tangu 2025 imenunua kampuni nyingine kadhaa, kwa hiyo kila unapoona mapato yameruka, uliza ni kiasi gani kimetokana na biashara ya zamani na kiasi gani kimenunuliwa.

Umesema wewe si mwanasayansi. Si lazima uwe, lakini kuna kitu kimoja cha kisayansi lazima ukishike, na kinahitaji kikokotoo cha simu tu. Kampuni zitakutajia idadi ya kyubiti, vile vipande vya msingi vya kompyuta ya kwanta. Ukilinganisha kwa idadi utapotea kabisa. Mashine ya D-Wave iitwayo Advantage ina zaidi ya 5,000, lakini ni ya aina tofauti, inatafuta jibu bora katika matatizo ya kupanga na kuchagua, na kyubiti zake huwezi kuziweka kwenye mizani moja na za wengine. IBM ilitoa chipu yenye 1,121 mwaka 2023. Rigetti ilitoa Ankaa-3 yenye 84, na mashine za IonQ za wakati huo zilikuwa na thelathini na kitu. Idadi haikuambii nani yuko mbele.

Kinachokuambia ni makosa. Rigetti ilisema Ankaa-3 inafikia usahihi wa asilimia 99.5 katika hatua moja inayounganisha kyubiti mbili. Ukisikia 99.5 unafikiri kazi imekwisha. Chukua simu, weka 0.995 kwa kipeo cha 200. Unapata kama 0.37. Yaani ukifanya hatua 200 mfululizo, nafasi ya kumaliza bila kosa ni asilimia 37. Weka kipeo cha 1,000: inabaki chini ya asilimia moja. Na hesabu za maana, kama za kubuni dawa au kuvunja nambari za siri, zinahitaji hatua mamilioni na zaidi. Kwa hiyo kutoka 99.5 hadi 99.9 ni hatua ndefu sana, na hata huko bado unahitaji mbinu ya kurekebisha makosa kwa kuziunganisha kyubiti nyingi zifanye kazi ya moja ya kuaminika. Sifa ya Willow ya Google iko hapo: kila walipokuza kundi la kyubiti linalorekebishana, makosa yalipungua kwa zaidi ya nusu, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature ambako wanasayansi wengine wanaweza kuyapekua. Ukisoma tangazo la kampuni yoyote, tafuta namba ya makosa kabla ya idadi ya kyubiti. Ikiwa haipo, jiulize kwa nini.

Na tangazo lolote la kushangaza lipe muda lijibiwe. Mwaka 2019 Google ilisema mashine yake ilifanya kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kuu ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM ikajibu kwamba ingechukua siku mbili na nusu. Machi 2025 D-Wave ilichapisha kwenye jarida la Science dai la kuzishinda kompyuta za kawaida katika kuiga tabia za sumaku, na watafiti wengine wakalipinga kwa mbinu zao. Sisemi kwamba nani muongo. Mabishano ya namna hii ni afya ya sayansi, na wewe uwasome wapinzani kwa bidii ileile unayosoma watangazaji. Kipimo kingine kizuri ni mradi wa DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, unaochunguza kampuni moja moja kama kweli zinaweza kufikisha mashine yenye thamani inayozidi gharama zake kufikia 2033. Kampuni zinasonga ngazi kwa ngazi zikipekuliwa na wataalamu wasiouza hisa. Tazama yupi amepanda na yupi amebaki nyuma.

Wewe ni mtu wa malori, basi utaielewa hii kuliko mimi. Mwaka 2018 kampuni ya Nikola ilitoa video ya lori lake la umeme likikata barabara jangwani. Juni 2020 ikaingia sokoni, nayo kwa njia ya kuungana na kampuni tupu, na kwa siku kadhaa ilithaminiwa kuliko Ford, ikiwa haijauza lori hata moja. Septemba mwaka huo wachunguzi wa Hindenburg wakaandika kwamba lile lori halikuwa likijiendesha, lilipandishwa kwenye mteremko likaachiwa lishuke lenyewe. Kampuni ikajitetea kwamba haikuwahi kusema linatumia nguvu zake. Ikalipa dola milioni 125 kumalizana na SEC, mwanzilishi Trevor Milton akatiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuwadanganya wawekezaji, akasamehewa na rais mwaka 2025, na Februari 2025 kampuni ikaomba kufilisika. Dereva yeyote angeuliza maswali ya kawaida: linabeba tani ngapi, linakwenda maili ngapi likiwa limejaa, nani amelikodi na analipa bei gani? Maswali yako ya kazini ndiyo uyapeleke kwenye kompyuta. Nani anaitumia leo, kwa kazi gani, na kazi hiyo ingefanyika kwa bei gani bila mashine hii?

Hindenburg walikuwa wanafaidika bei ikishuka, na jambo hilo usilisahau unaposoma ripoti za namna hiyo. Mwaka 2022 Scorpion Capital, wachunguzi wa aina hiyohiyo, iliishambulia IonQ kwa ripoti ndefu, hisa ikaporomoka, na kesi ya wanahisa iliyojengwa juu ya ripoti ile ikatupwa mahakamani. Aliyeuza kwa hofu aliiona bei ikipanda mara nyingi baadaye. Mimi huzisoma ripoti hizi zote, nachukua kila dai linaloweza kuhakikishwa kwenye hati, na mengine nayaacha.

Angalia pia watu. Kiongozi akiondoka, kampuni hutoa fomu 8-K. Chad Rigetti aliyeianzisha kampuni na kuipa jina lake aliondoka Desemba 2022, na Christopher Monroe, mwanasayansi aliyeianzisha IonQ pamoja na Jungsang Kim, aliondoka 2023. Kuondoka peke yake si hukumu, lakini nataka kujua kichwa cha sayansi sasa ni nani. Fomu 4 nayo inaonyesha viongozi wakinunua au kuuza hisa zao, na lazima iwasilishwe ndani ya siku mbili za kazi. Kuuza wanauza kwa sababu nyingi, kodi na ada za watoto zikiwemo. Wakinunua kwa hela yao sokoni, sababu huwa ni moja, wanaamini bei itapanda, na ununuzi huo kwenye kampuni hizi ni nadra.

La mwisho kwenye uchunguzi ni ukoo wa kampuni. Fani mpya ikivuma, kampuni hubadili majina. Desemba 2017 Long Island Iced Tea, watengenezaji wa chai ya baridi, walijiita Long Blockchain na hisa ikapanda zaidi ya mara mbili siku hiyo. Baadaye ikafutwa kwenye soko la hisa la Nasdaq. Kwenye EDGAR kila kampuni ina orodha ya majina yake ya zamani, na kuitazama ni kazi ya dakika moja.

Umeniuliza ipi. Kwa mtu wa mshahara, ningepima hivi: IonQ ina akiba kubwa na mapato yaliyokua, ila unalipia bei ya juu na hisa zake zinaongezeka kwa kasi. D-Wave ina mashine zinazotumika leo kwa kazi finyu, na mapato ya kupanda na kushuka. Rigetti mapato yake yalikuwa yakiteremka mwaka hadi mwaka, na ndiyo ningeisubiri ionyeshe wateja kabla sijatoa hata dola. Zote tatu zinashindana na IBM na Google, ambao wanalipia utafiti huu kwa faida ya biashara nyingine na hawahitaji kuuza hisa mpya kila mwaka. Kama nia yako ni kuwa ndani ya fani yenyewe, kuwa na hisa za hao wakubwa ni njia halali, ingawa haitakupa mara 20. Upo pia mfuko wa pamoja unaouzwa sokoni kwa alama QTUM, ila fungua orodha ya vilivyomo ndani, utakuta kampuni nyingi za chipu za kawaida. Ukiamua kuingia kwenye ndogo hata hivyo, kwa ile fedha nyingine niliyoisema, gawa kiasi hicho mara nne na ununue sehemu moja baada ya kila ripoti ya robo mwaka uliyoisoma mwenyewe. Ukishindwa kuisoma robo hiyo, usinunue robo hiyo.

Na huyu mwenzenu anayekusanya michango: usijiunge. Hisa zitakazonunuliwa kwenye akaunti yake ni zake mbele ya sheria. Akifa, akiachana na mkewe mahakamani, au akidaiwa, wewe huna pa kusimama. Fomu ya kodi ya mauzo, 1099-B, itatoka kwa jina lake, na mtaanza kugombana nani anadaiwa nini. Hiyo bei nzuri ya kununua kwa wingi pia haipo, maana hisa 10 zinanunuliwa kwa bei ileile ya soko inayonunulia hisa 1,000, na madalali wengi wakubwa wa Marekani hawatozi kamisheni na baadhi yao wanakuuzia hata kipande cha hisa. Fungua akaunti kwa jina lako, mkague dalali kwanza kwenye BrokerCheck, daftari la mtandaoni la FINRA, chombo kinachowasimamia madalali, na hakikisha ni mwanachama wa SIPC, inayolinda hadi dola 500,000 dalali akianguka. Bei ya hisa ikianguka, SIPC haikulipi kitu. Kama tayari umemkabidhi mwenzenu chochote, mwandikie leo kwa ujumbe, si kwa simu, utaje kiasi na tarehe uliyotuma, na umwombe akirudishe kwenye akaunti ileile kilikotoka.